Mdogo wangu amefanikiwa, nami nimechoka kutoa: je, kuridhika ni kujidanganya?

Mpendwa Mshauri,

Bwana asifiwe. Mimi ni mwalimu, mke na mama wa watoto watatu, na nimekuwa muumini wa kanisa letu tangu nikiwa msichana. Mume wangu naye ni mtu wa kanisa, na tangu tulipooana tumekuwa tukitoa zaka kila mwezi kabla ya matumizi mengine yoyote, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Hatudaiwi na mtu, watoto wanasoma, nyumba tunayoishi ni yetu ingawa ni ndogo, na hatujawahi kulala na njaa. Nayaandika haya mwanzoni ili usije ukadhani kwamba ninalalamikia ukata.

Kinachonisumbua ni mafanikio ya mdogo wangu wa kike. Tulikua pamoja na kubatizwa pamoja, naye ni mcha Mungu wala sina neno baya juu yake. Kwa miaka ya karibuni biashara yake na mumewe imewanyookea, hata wamehamia katika nyumba ambayo sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa ukoo wetu angeishi. Kikundi chetu cha maombi kilikwenda kuiombea nyumba hiyo, na wakati wenzangu wote walikuwa wamefumba macho, mimi nilijikuta nikihesabu vigae vya sakafu kutoka mlangoni hadi dirishani, nikikadiria gharama yake ni sawa na mishahara yangu ya miezi mingapi. Tulipoitikia "Amina" sikuwa nimesikia hata neno moja la sala ile. Tangu siku hiyo natafuta visingizio vya kutokwenda kwake, naye ameanza kuniuliza kama amenikosea.

Mume wangu hali yake ni kama yangu, ila yeye amekuja na mpango. Anataka tuchukue mkopo wa miaka saba kwa dhamana ya nyumba na kiwanja chetu, tujenge nyumba ya ghorofa, na kwa kuwa marejesho yatameza sehemu kubwa ya mishahara yetu, anapendekeza tusimamishe zaka na sadaka hadi mkopo utakapokwisha. Anasema Mungu anaelewa, na kwamba kama ile ahadi ya madirisha ya mbinguni ingekuwa ya kweli kwetu, tungekuwa tumekwisha kufunguliwa zamani. Nimekosa la kumjibu, kwa sababu moyoni nami nimekuwa nikiuliza hayo hayo, na kila nikisikia mahubiri juu ya kuridhika nayaona kuwa ni maneno ya kuwatuliza walioshindwa. Je, kutamani maisha bora ni dhambi? Je, kuridhika si uvivu tu uliovikwa vazi la ibada? Na nimwambie nini mume wangu kabla ya mwisho wa mwezi, ambapo anataka tukatie sahihi?

Wako katika Kristo,
Mama Asiyetulia

JIBU

Dada mpendwa katika Kristo,

Amina, na asante kwa kuandika bila kujipamba. Umeuliza maswali matatu, lakini naomba nianze na sentensi ya mumeo kuhusu madirisha ya mbinguni, kwa sababu naona humo ndimo lilimo donda lenyewe. Mmetoa kwa uaminifu miaka mingi, na pasipo kukusudia mmekuwa mkingoja malipo. Malipo yalipoonekana kupelekwa nyumba ya pili, mkajihisi mmedhulumiwa. Simlaumu mumeo kwa kusema waziwazi jambo ambalo wengi kanisani wanalifikiri kimyakimya, na sehemu ya lawama inatuangukia sisi tunaofundisha, kwa maana yako mafundisho yanayoigeuza sadaka kuwa mtaji na kumfanya Mungu kuwa mdaiwa wa mtoaji.

Andiko la Malaki 3:10, lenye ahadi hiyo ya madirisha ya mbinguni, lilisemwa kwa taifa zima lililokuwa likizuia zaka, na zaka hiyo ilikuwa na kazi inayojulikana: iliwalisha Walawi wasiokuwa na urithi wa ardhi, na kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 14:28-29, kila mwaka wa tatu iliwashibisha pia mgeni, yatima na mjane. Baraka iliyoahidiwa pale ni ya mvua na mazao kwa watu wote, wala hakuna mahali ambapo nabii anaahidi kwamba kila mtoaji atampita jirani yake kwa mali. Vivyo hivyo, wanaohubiri ile "mara mia" ya Marko 10:30 kwa kawaida huikatisha aya kabla haijafika kwenye maneno "pamoja na udhia", maneno yaliyotoka katika kinywa kile kile na kwa pumzi ile ile. Nayasema haya si kwa sababu Mungu habariki. Nataka tu uone kwamba ahadi mnayodhani imevunjwa haikuwahi kutolewa kwa namna hiyo.

Ukiondoa hesabu ya mtaji na faida, kinachobaki ndicho ambacho kanisa limekiita uwakili tangu zamani. Zaburi ya 24 inafungua kwa kusema kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na mtu akiisha kulikubali neno hilo, hawezi tena kufikiri kwamba sehemu ya kumi ndiyo ya Mungu na sehemu tisa ni zake afanye apendavyo. Mshahara wenu, kiwanja chenu, afya inayowawezesha kuamka asubuhi, na wale watoto wa watu wengine wanaokaa mbele yako darasani kila siku, vyote viko mikononi mwenu kwa dhamana. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 4:2, anasema kwamba linalotakiwa kwa mawakili ni kuonekana waaminifu. Hasemi waonekane wamefanikiwa kuliko wenzao.

Hapa naomba utulie kidogo katika mfano wa talanta, Mathayo 25, kwa sababu tumeuzoea sana hata hatuuoni tena. Talanta kilikuwa kipimo cha uzito wa fedha, na wafasiri wengi huikadiria kuwa sawa na dinari 6,000 hivi, ambapo dinari moja ndiyo uliokuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Maana yake ni kwamba hata yule mtumwa aliyepewa talanta moja, ambaye tumezoea kumwona kama aliyepunjwa, alikabidhiwa ujira wa takriban miaka 20 ya kazi, na aliyepewa mbili alikabidhiwa wa miaka 40. Sasa soma aya ya 21 kisha uisome ya 23, na uzilinganishe neno kwa neno. Bwana anamwambia mwenye talanta mbili maneno yale yale aliyomwambia mwenye tano: "Vema, mtumwa mwema na mwaminifu, ulikuwa mwaminifu kwa machache." Hakuna sifa iliyopunguzwa kwa kuwa faida ya mmoja ilikuwa mbili na ya mwenzake tano. Tena ile mali ambayo kibarua asingeipata maishani mwake, bwana anaiita machache, kwa wote wawili. Mwenye mbili angeweza kutumia muda wote wa safari ya bwana wake akichungulia biashara ya mwenye tano, na mfano wenyewe hauonyeshi hata dalili ya jambo hilo. Alikwenda akafanya kazi na zile mbili zake.

Juu ya mdogo wako, nilikaribia kukupa Zaburi ya 73, ambamo Asafu analia kwamba amejisafisha moyo bure huku wengine wakinawiri. Nimeiacha makusudi. Asafu aliwaonea wivu wasio haki, na wewe mwenyewe umeshuhudia kwamba mdogo wako ni mcha Mungu. Hilo ndilo linaloufanya wivu wako uwe mchungu zaidi, kwa sababu huna hata faraja ya kusema kwamba mali yake ni ya dhuluma. Andiko linalokufaa liko mwishoni mwa Injili ya Yohana. Petro amekwisha kusamehewa, amekwisha kukabidhiwa kondoo, amekwisha kuambiwa kwamba mwisho wake utakuwa mgumu, kisha anageuka, anamwona mwanafunzi mwingine akifuata nyuma, na anauliza: "Bwana, na huyu je?" Jibu alilopewa ni kavu: "Ikiwa nataka huyu akae hata nijapo, imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi." Yesu hakumweleza Petro sababu ya tofauti kati yao, wala hakumwahidi kwamba mambo yatasawazishwa baadaye. Sidhani kwamba mimi naweza kukueleza kwa nini biashara ya mdogo wako imenyooka na mshahara wa mwalimu umebaki pale ulipokuwa, na mtu atakayekupa maelezo ya haraka juu ya hilo msikilize kwa tahadhari.

Unachoweza kufanya ni kumjibu mdogo wako, ambaye amekuuliza swali la haki. Mwambie kwamba hajakukosea. Si lazima umweleze habari za vigae, ingawa kama mko karibu kama ulivyoandika, huenda siku moja mkacheka pamoja juu ya jambo hilo. Kisha umwombee kwa jina, na sala yako imshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba ile ile inayokuchoma. Mara ya kwanza maneno yatatoka kwa shida, nayo yatasikika masikioni mwako kama unafiki. Si unafiki, bali ni utii unaoutangulia moyo, na moyo huja nyuma taratibu. Warumi 12:15 inatuagiza kufurahi pamoja na wafurahio na kulia pamoja na waliao, na kwa niliyoyaona katika huduma, sehemu ile ya kwanza ndiyo ngumu. Msibani tunafika wote; kumpongeza ndugu aliyetupita, wengi hukumbuka kwamba wana shughuli nyingine.

Umeuliza kama kutamani maisha bora ni dhambi. La, siyo. Kutaka chumba cha ziada kwa watoto wanaokua, kudai mshahara wa haki, kusoma zaidi ili kupanda cheo, kuanzisha mradi, yote hayo yanaweza kuwa uwakili mwema, na Yakobo 5:4 inaonyesha kwamba Mungu husikia kilio cha vibarua waliozuiliwa ujira wao. Kuridhika kusitumiwe kuwanyamazisha wanaodhulumiwa, wala kusihubiriwe kwa mwenye njaa na mtu aliyetoka kushiba. Kuna na ulaji wa choyo ambao huanza pale haja inapokwisha na macho ya watu yanapokuwa ndiyo kipimo, na dawa ya kuutambua ni swali moja ambalo ningependa wewe na mumeo mjiulize juu ya ghorofa hiyo: kama isingekuwapo hata siku moja ya mtu mwingine kuiona, wala mdogo wako, wala kikundi cha maombi, wala wafanyakazi wenzenu, je, bado mngeikopea miaka saba? Mkijibu ndiyo kwa dhati, basi ni haja ya nyumba, na tunaweza kuizungumza kama haja ya nyumba.

Kuhusu kuridhika na uvivu, mtazame aliyeandika maneno tunayoyanukuu zaidi juu ya jambo hili. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika sura ya nne anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Huyu ni mtu aliyesafiri nchi kavu na baharini, aliyefanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, na ambaye hata pale gerezani alikuwa bado anapanga mambo ya makanisa. Hakuna mvivu hapo. Tena barua hiyo kwa sehemu ilikuwa ya kushukuru kwa zawadi aliyoletewa na Epafrodito, kwa hiyo kuridhika kwake hakukumfanya ajidai kwamba hahitaji msaada wa mtu. Zingatia pia kwamba Paulo alilazimika kujifunza kuridhika wakati wa wingi vilevile, jambo ambalo tunalipita haraka kwa kudhani kwamba mwenye vingi huridhika mwenyewe. Nyumba mpya haitakufundisha somo hilo. Utahamia ndani yake na macho yale yale yaliyohesabu vigae, na jirani mpya atakuwa na uzio mzuri kuliko wenu.

Nisingependa, hata hivyo, kukuachia fundisho lisilo na njia ya kulitenda. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti aliyefariki mwaka 1791, anasimulia katika moja ya mahubiri yake habari za kijana wa Oxford, ambaye wengi huamini kwamba alikuwa Wesley mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana huyo alipata pauni 30, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60, akaishi kwa zile zile 28 na kutoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90 akatoa 62, na wa nne alipata 120 akatoa 92. Sikuletei hesabu hii ili uige kiwango chake, kwa kuwa alikuwa kijana asiye na watoto watatu. Ninachokuomba uone ni kwamba alikwisha kuamua kinachomtosha kabla nyongeza haijafika. Familia nyingi hufanya kinyume: zinangoja nyongeza ije, halafu ndiyo zinaambiwa na nyongeza hiyo zinahitaji nini. Kaeni wewe na mumeo, mwandike jinsi maisha yanayowatosha yanavyopaswa kuwa: chakula, ada, matibabu, akiba, wazee wenu, utoaji, na hata starehe, kwa maana 1 Timotheo 6:17 inasema Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha. Mkimaliza mtakuwa na kipimo chenu wenyewe, na nyumba ya mdogo wako itaacha kuwa kipimo hicho.

Sasa nije kwenye mkopo na zaka. Najua Wakristo hawakubaliani wote kama sehemu ya kumi ni sheria inayolifunga kanisa leo, na sitaki tuingie katika mjadala huo, kwa sababu mpango wa mumeo haugusi kiwango tu. Unakomesha utoaji wote kwa miaka saba. Kama mngekuwa mmepoteza kazi au mna mgonjwa wa kutibiwa, ningekuwa wa kwanza kuwaambia mpunguze bila hofu, kwani 2 Wakorintho 8:12 inasema nia ikiwapo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, na Yesu mwenyewe katika Marko 7 aliwakemea waliotumia matoleo kama kisingizio cha kutowatunza wazazi wao. Hali yenu siyo hiyo. Mnaacha kutoa ili kugharimia ukubwa wa nyumba, na mwambie mumeo kwa upole aangalie kwamba katika mpango wake mdai pekee anayeombwa aelewe ni Mungu, maana mkopeshaji hataombwa kuelewa hata mwezi mmoja. Miaka saba ni muda wa kutosha kwa familia kuwa kitu kingine kabisa, na watoto wenu watakuwa wamejifunza juu ya utoaji kutokana na waliyoyaona nyumbani.

Kuna na upande wa kawaida wa jambo hili, ambao nao ni uwakili. Mnacho leo kitu ambacho watu wengi hawana, yaani nyumba isiyodaiwa, na mpango huu unakitoa kitu hicho kiwe dhamana. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, nayo haisemi kwamba kukopa ni dhambi. Inaeleza tu hali itakayokuwapo. Katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama kuona kama anavyo vya kumalizia. Basi hesabuni: mmoja wenu akisimamishwa kazi mwaka wa tatu, nani atalipa? Riba ikiongezwa kwenye deni, jumla yake itafika wapi? Ada za watoto zitapanda lini? Kama mumeo hajayapata majibu hayo kwa maandishi kutoka kwa mkopeshaji, hajawa tayari kutia sahihi, hata tukiliweka kando suala la zaka.

Badala ya kubishana naye kwa mistari ya Biblia, mwombe jambo moja. Ahirisheni sahihi kwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo wekeni kando kila mwezi kiasi kile kile ambacho kingekuwa rejesho, katika akaunti msiyoigusa, huku mkiendelea kutoa kama kawaida. Mtajua kwa vitendo kama maisha yanawezekana chini ya mzigo huo, bila nyumba yenu kuwa hatarini. Mkishindwa mwezi wa pili, mumeo atakuwa ameonyeshwa na mfuko wake mwenyewe, wala si na mahubiri yako. Mkiweza, mtakuwa na fedha mkononi ambazo huenda zikaanza kazi ya kuongeza chumba kimoja au viwili kwenye nyumba mliyo nayo, jambo ambalo kwa maelezo yako linaonekana kukidhi haja ya watoto. Akilikataa hata jaribio hilo, nendeni wote wawili kwa mchungaji wenu, au kwa wanandoa waliowazidi umri mnaowaheshimu, kabla ya mwisho wa mwezi, na hadi mtakapokuwa mmekubaliana kwa kweli, usitie sahihi yako.

Wako katika huduma,
Mshauri